Siku Wenzangu Waliponivua Kaki

Ninyi vijana mnaotoka shule za uuguzi siku hizi mna vyeti vyenye mihuri mitatu, na mimi nafurahi kuviona. Mkinitembelea hapa Kasongo huwa nawauliza swali moja tu: ukikosea kazini, nani atakuambia? Wengi hujibu, "Mkubwa wangu." Wengine husema serikali. Binti mmoja wa Nyangwe alifikiri kidogo, akajibu, "Mugonjwa." Huyo nilimvutia kiti karibu, nikamsimulia habari ninayowaandikia hapa, ya mwaka niliovuliwa kaki, sare yetu ya kazi. Walionivua si Wazungu. Ni wenzangu wenyewe.

Jina langu Shabani. Wakati wa Wabelgiji nilikuwa enfirmye, yaani muuguzi, katika kundi la kutembea. Leta, ndivyo tulivyoiita serikali, ilikuwa inapigana na malale, ugonjwa wa usingizi ambao mbung'o wa kando ya mito huwatia watu. Tulizunguka kijiji kwa kijiji, kutoka Kasongo mpaka bonde la Luama kule Kabambare, kwa miguu na kwa kinga. Kinga ndiyo baiskeli, kwa wale wasiojua maneno yetu. Wapagazi walitutangulia na masanduku. Tukifika, kapita, yaani msimamizi wa kijiji, alikuwa amekwisha kupanga watu mstari mmoja njiani, wazee, wake kwa waume, kila mmoja na kadi yake ya Leta mkononi.

Mtu mwenye malale huvimba tezi nyuma ya shingo. Unazitafuta kwa vidole. Ukizipata, unachoma moja kwa sindano, unavuta tone la maji yake, unaliweka juu ya kigae cha kioo, unakitia chini ya hadubini. Vidudu vikiwapo utaviona vikijipinda kama visamaki kwenye dimbwi linalokauka. Ila lazima uangalie hapo hapo. Maji ya shingo hayangoji kesho. Tone likikauka vidudu vinakufa, na hutaweza tena kuvitambua. Hadubini zetu, tena, hazikuwa na taa. Zilikuwa na kijioo cha kushika jua, na unakigeuzageuza kwa kidole mpaka mwanga upande juu. Wingu likipita, umekuwa kipofu, unakaa unangoja. Ukiona vidudu, unaandika msalaba kwenye kadi. Usipoviona, unachora duara.

Aliyenifundisha hayo ni Fundi Donati, mtu mfupi, mpole, mwenye sauti ya chini hata ukadhani anakuambia siri. Alikuwa ameanza kazi kabla hatujazaliwa wengi wetu. Alikuwa na mambo yake ambayo hayakuandikwa kitabuni. Nawa mikono mbele ya mgonjwa, hata kama ulinawa ndani, ili aone. Pasha vidole joto kwapani kabla ya kumgusa mtu. Na ukisimama nyuma yake, msemeshe kwanza. "Mutu akishikwa shingo na mugeni kutoka nyuma," alisema, "anafikiri unakuja kumunyonga."

Mimi hilo la mwisho nililisahau siku yangu ya kwanza. Nilimshika bibi mmoja kwa vidole vya baridi ya asubuhi, bila neno. Aligeuka akanipiga kofi ambalo mstari mzima ulilisikia. Watu walicheka mpaka kapita akaketi chini. Fundi Donati hakucheka. Alimshukuru yule bibi, akaniambia, "Amekufundisha bure, na wewe hutasahau." Kweli sijasahau. Shavu hili la kushoto.

Sasa, tulikuwa na chama chetu. Enfirmye wote wa Kasongo na Kabambare, watu kumi na wawili, tulikutana Jumapili moja kila mwezi kwenye baraza ya nyumba ya Fundi Donati. Sisi Waislamu tuliwangoja Wakristo watoke misa, nao wakatungoja sisi tuswali adhuhuri, kwa hiyo kikao kilianza kila mara sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ikiwa imekwisha kupoa. Tulikuwa na kanuni. Usinywe pombe ukiwa ndani ya kaki. Usitaje ugonjwa wa mtu barazani. Usiandike kitu ambacho jicho lako halikuona. Usimpige mgonjwa wala usimtukane, hata akikutapikia.

Kanuni hizo zilipelekwa kwa mkuu wa teritwari, yaani wilaya, ili apige muhuri, maana wakati ule watu weusi hawakukutana watano bila karatasi. Mzungu alizisoma na kalamu nyekundu mkononi. Kila palipoandikwa "adhabu" alikata mstari. Akasema kuadhibu ni kazi ya Leta peke yake. Fundi Donati hakubishana. Alirudi nyumbani, akaandika upya: badala ya "adhabu" akaweka "mashauri ya kindugu." Muhuri ukapigwa. Kuanzia hapo mtu akikosea tulimwambia, "Njoo Jumapili, kuna shauri la kindugu juu yako," na mtu huyo alitoka jasho kuliko aliyeitwa na polisi.

Msidhani tulikuwa wakali tu. Mwenzetu Petro, mcheshi kuliko wote, alipokea kuku kwa mzee mmoja wa upande wa Wamaza ili asimchome sindano mke wake. Habari ikafika barazani. Tuliamua amrudishe kuku kwa mkono wake, kwa miguu, amembeba mchana kweupe kupita sokoni. Njiani kuku akataga. Petro akaturudia na yai mfukoni, anauliza, "Kuku ni wa muzee, sawa. Lakini yai nilimubebea mimi!" Tulilijadili yai lile saa nzima. Mwishowe tukakubaliana kwamba lililotoka ndani ya kuku wa mtu ni la mtu. Petro akarudi tena Wamaza, siku mbili za miguu, na yai limefungwa ndani ya majani ya mgomba. Alipofika, yule mzee alilivunja mbele yake: lilikuwa limeoza. Basi wakacheka wote wawili, na mke akachomwa sindano.

Nimewaambia hayo ili mjue kwamba nilizijua kanuni. Nilikuwa nimeketi pale pale, nikapiga kura juu ya yai la mtu mwingine.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, katika kijiji kimoja cha bonde la Luama. Nilikuwa peke yangu na hadubini. Petro alikuwa amekwenda ng'ambo ya mto. Kutwa nzima mawingu yalikuwa yanakuja yanaondoka. Alasiri wingu moja zito lilikaa, likagoma kuondoka. Mstarini walikuwa wamebaki watu tisa. Niliwashika shingo wote, nikawachoma wote, nikapanga vigae vyao tisa mezani, nikainamia hadubini. Giza. Niligeuza kijioo huku na huku. Giza.

Nilichopaswa kufanya mnakijua. Ningewaambia warudi asubuhi, nikawachome tena mbele ya jua. Lakini Jumapili ile kulikuwa na mpira Kabambare, enfirmye na makarani wa Leta, na mimi ndiye niliyekuwa golikipa. Ndiyo, vijana, ni mpira. Ningependa kuwaambia kwamba mama yangu alikuwa mgonjwa, au kwamba mto ulikuwa unajaa. Haikuwa hivyo. Nilizichukua zile kadi tisa, nikachora maduara tisa, nikatia saini tisa, nikawaambia waende nyumbani wazima. Mmoja wao, mwanamke kijana mwenye kilemba cha kijani, aliniuliza, "Kweli mimi iko muzima, munganga? Kichwa kinaniuma siku nyingi." Nilimwambia, "Kadi imesema." Akashukuru.

Makarani walitufunga manne.

Ilipita miezi saba au minane. Kundi lilipumzika, mimi nikawekwa kwenye zahanati moja ndogo huko huko Kabambare. Asubuhi moja aliingia mwanamume anasukuma kinga, na nyuma ya kinga, juu ya kiti kilichosukwa kwa kamba, amemfunga mwanamke ili asianguke. Kichwa cha mwanamke kilikuwa kinalala begani, kinashtuka, kinalala tena. Mwanamume aliitwa Idi, na huyo alikuwa dada yake, Sauda. Alikuwa amemsukuma siku mbili.

"Bwana yake amemurudisha kwetu," Idi aliniambia. "Wanasema ni muvivu. Analala jikoni, analala shambani, analala na mukono ndani ya bugali. Mama mukwe anasema ugonjwa hana, kadi yake iko safi. Sisi tulimuleta kwa sababu hata kwetu analala."

Akanipa kadi. Niliona duara. Niliona saini yangu. Ndiye yule wa kilemba cha kijani.

Nilifanya kazi yangu kimya. Jua lilikuwa zuri siku ile. Nilipoinamia hadubini vidudu vilikuwapo, havina haraka, vinajipinda.

Nitawaambia jambo ambalo sikulisema hata barazani. Nilichukua kalamu. Duara dogo, ukilipitishia mistari miwili na kujaza wino kidogo, linaweza kuwa msalaba. Tarehe ile ile, saini ile ile: ingeonekana nilimwona mgonjwa tangu mwanzo, na wakwe ndio walioshindwa kusoma. Idi hakujua kusoma. Sauda alikuwa anasinzia. Nilikuwa nimekwisha kuinamisha mkono, ndipo Idi akasema kwa furaha, "Dada anakukumbuka! Tulipoingia amesema, huyu ndiye munganga aliyeniandikia ile mara ya kwanza. Amesema ndiyo maana ametulia."

Niliweka kalamu chini. Kisha niliichukua tena, nikaandika msalaba kwenye mstari mpya, tarehe ya siku ile. Kesho yake nikapanda nao kamyo ya mizigo mpaka Kasongo, kwenye hospitali, na Sauda akapewa kitanda.

Fundi Donati nilimkuta anaosha vigae kwenye beseni. Nilisimama mlangoni, nikamweleza yote, isipokuwa lile la kalamu. Hakugeuka. Aliendelea kuosha.

"Walikuwa wangapi?"

"Tisa."

"Majina yao unayo?"

"Ninayo, Fundi."

"Yaandike. Halafu njoo Jumapili."

Jumapili ile nilikaa kwenye kigoda ambacho Petro alikalia siku ya kuku. Hakuna aliyetania. Petro ndiye aliyesema kwanza, na alisema kwa ajili yangu.

"Ndugu zangu, jambo hili likitoka hapa, Shabani ataingia gerezani, na huko kuna fimbo. Na si yeye tu. Kesho tukifika kijijini na sindano, watu watasema, hawa wanachora maduara ya uongo. Watakimbilia porini. Mwanamke amekwisha kupata kitanda. Tumukaripie mwenzetu, tufunge kinywa."

Wengi walitikisa kichwa kukubali. Nami moyoni nilikuwa nasema, ndiyo, Petro, endelea.

Fundi Donati alimwacha amalize. Kisha akauliza kwa ile sauti yake ya chini, "Na wale wanane?"

Akamgeukia Petro.

"Petro, wewe ulirudisha yai. Leo unataka tukae na watu wanane mufukoni?"

Ramazani, mzee wetu upande wa Waislamu, mtu wa maneno machache, akaniuliza, "Shabani, huyu mama alifukuzwa kwa sababu ya nini?"

"Kwa sababu walisema ni mvivu."

"Nani aliwapa neno hilo?"

Nilianza kusema habari ya wingu.

"Jibu, mwanangu."

"Kadi yangu."

Hapo nililia, vijana. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nililia mbele ya watu kumi na mmoja. Wakaningoja nimalize. Halafu wakaamua. Kwanza, nitoke kesho yake niwatafute wale wanane wote, popote walipo, na Petro aende nami na hadubini, maana jicho langu halikuaminiwa tena. Pili, nisimame mbele ya ukoo wa mume wa Sauda, kijijini, watu wakiwapo, niseme kwa kinywa changu. Tatu, nivue kaki, nisiivae mpaka wao wenyewe wanirudishie. Nikirudi nitaosha vigae na sindano chini ya Fundi Donati. Na jambo la nne: Donati atamwambia munganga mkuu, Mzungu wa hospitali. "Kitabu cha Leta kina uongo tisa," alisema, "na dawa inagawanywa kwa kufuata kitabu hicho. Hatuwezi kukiacha."

Nilivua shati pale pale barazani. Ramazani alilikunja vizuri, kama mtu anavyokunja nguo ya msafiri, akanipa shati lake la kitambaa cha nyumbani nivae. Lilikuwa kubwa, lilinipita magoti.

Munganga mkuu alitusikiliza amesimama. Uso ulimwiva. Akasema ataniandikia polisi siku ile ile. Fundi Donati akajibu kwa Kifaransa chake cha polepole, "Ndiyo, Munganga. Lakini ni yeye peke yake anayezijua sura za wale wanane. Akifungwa, nani atawaona?" Mzungu alitembea mpaka dirishani, akarudi. Aliuliza kwa nini nimevaa gunia. Donati akamwambia, "Ni mashauri ya kindugu." Sijui alielewa nini. Alitupa siku kumi na tano, akanishusha cheo, na habari ya polisi haikutajwa tena.

Tuliwapata sita kwa siku nne. Petro aliangalia, akaangalia tena, kisha akaniita niangalie, kisha akaangalia mara ya tatu. Watano walikuwa wazima. Wa sita, mvuvi, alikuwa na vidudu, lakini ugonjwa ulikuwa mchanga na alipona upesi kwa sindano. Wa saba, kijana, alikuwa amekwenda kutafuta kazi kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Salamabila. Tulimfuata mpaka huko, tukamkuta ana afya kuliko sisi, akatushangaa kwamba tumetembea mlima ule wote ili tumshike shingo.

Wa nane alikuwa amekufa. Mzee. Ndugu zake walisema ni homa. Wengine walisema alikuwa amechoka tu, umri. Niliuliza kama alikuwa analala mchana. Mjukuu wake akasema, "Wazee wote wanalala muchana." Petro alinishika mkono tukatoka. Mpaka leo sijui. Namtaja katika dua zangu kwa jina.

Siku ya kumi na moja nikasimama kijijini kwa mume wa Sauda. Kapita alikusanya watu pale pale tulipopangia mstari. Kasindi, mume, aliketi karibu na mama yake, mama mnene mwenye uso wa heshima. Nilisema nilivyofundishwa: jina langu, kazi yangu, kosa langu. Nikasema siku ile sikuangalia, niliandika tu. Nikasema Sauda hakuwa mvivu, alikuwa mgonjwa, na mwenye lawama ni mimi.

Nilitazamia matusi. Nilitazamia hata mawe. Mama yule akasema, si kwangu, kwa hewa tu, "Nilimumwagia maji. Kila asubuhi nilimumwagia maji ya baridi ili aamuke." Akajifunika uso kwa kanga yake. Ningechagua mawe.

Nilirudi Kasongo kwenye beseni la vigae. Kuna ujuzi hata katika kuosha, msiudharau: kigae chenye alama ya mafuta kitakuonyesha vidudu ambavyo havipo, na kigae chenye mkwaruzo kitaficha vilivyopo. Nilijifunza hadubini kwa kuosha kuliko nilivyojifunza kwa kuangalia. Kaki nilirudishiwa baada ya masika mawili, bila hotuba; Ramazani aliniletea imepigwa pasi, nami nikamrudishia shati lake.

Sauda alikaa hospitali miezi mingi. Dawa ya malale yaliyofika kichwani ilikuwa kali wakati ule. Iliweza kuponya usingizi na kuchukua macho. Kwa hiyo kabla ya kila sindano lazima mgonjwa aulizwe anaonaje, na Fundi Donati hakuridhika na kuuliza. Alinipa kazi hiyo. Kila Alhamisi nilisimama mwisho wa uwanja, nikainua vidole, na Sauda akiwa mlangoni akavihesabu. Mwanzoni alijibu kama mtu anayelipa kodi. Viwili. Vinne. Kimoja. Hakunisemesha neno lingine.

Alhamisi moja niliinua vidole vitatu. Akasema, "Saba."

Nilikimbia mpaka mlangoni nikamwambia muuguzi aweke sindano chini. Sauda akacheka. Alicheka mpaka akashika mlango. "Una vidole saba kwa mukono mumoja, munganga?" akasema. "Naviona vitatu vyako. Nilitaka kukuona unaogopa." Nilimwambia nimeogopa kweli. "Vizuri," akasema, akaingia kuchomwa.

Mwishowe maji ya uti wa mgongo wake yalipopimwa yalikuwa safi mara mbili mfululizo. Idi alikuja kumchukua. Kasindi alikuwa ametuma salamu kwamba anamtaka nyumbani. Nilikuwa nafungasha vitu vyake, Sauda akaja mezani na kadi yake mpya.

"Soma," akasema.

Nilisoma: alikuwa na ugonjwa, amepata sindano, amepona.

"Soma tena."

Nilisoma tena.

"Sasa andika kwamba sikuwa muvivu."

Nilimwambia kadi ya Leta haina mahali pa maneno hayo. Kuna mahali pa jina, pa kijiji, pa msalaba na duara.

"Wewe ulipata mahali pa uongo," akasema, bila hasira. "Tafuta mahali pa hili."

Nilikwenda kwa Fundi Donati, maana mimi sikuwa na ruhusa ya kuandika chochote. Alisikiliza, akafuta mikono.

"Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, Fundi."

"Basi andika pembeni. Mimi nitatia saini."

Niliandika kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili, ili mtoto yeyote wa shule aweze kusoma: *Huyu mama hakuwa mvivu. Alikuwa mgonjwa.* Donati akatia saini chini yake. Sauda aliipepea kadi polepole mpaka wino ukakauka. Hakusema asante, wala sikuitazamia. Akapanda kamyo na kaka yake.

Idi ndiye aliyenisimulia yaliyofuata. Hawakwenda kwao kwanza. Sauda aliomba wapitie kwa mama mkwe. Akamwita mtoto wa shule, akamwambia asome kwa sauti mbele ya majirani, wale wale waliosikia maji yakimwagwa kila asubuhi. Mtoto akasoma. Kisha Sauda akachukua kadi yake, akaenda kukaa kwa mama yake mzazi, mwaka mzima. Kasindi alimfuata huko mara tatu, na mara tatu alirudi peke yake. Mara ya nne alikuja na mama yake. Na siku hiyo, Idi aliniambia, watu walisimama njiani kutazama: mbele Sauda anatembea mikono mitupu, na nyuma yake yule mama mnene mwenye heshima zake, amebeba mzigo wa Sauda kichwani, mpaka nyumbani.